Kulima mizeituni kibiashara mbali na kwao: mwongozo kamili kutoka Western Cape

Wengi wanaoniuliza habari za mizeituni huanza na miche: inapatikana wapi, mche mmoja bei gani. Huwa nawarudisha nyuma. Swali la kwanza ni hili: katika mwezi wa baridi kuliko yote shambani kwako, kipimajoto husoma ngapi alfajiri, na ngapi saa nane mchana? Kama hujui, bado hujafika kwenye miche.

Mzeituni ni mti wa nchi zinazoizunguka bahari ya Mediteranea, na zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mafuta ya zeituni duniani bado hutoka huko. Lakini ni mti uliosafiri sana. Wahispania waliuvusha hadi Peru katika karne ya 16, na wamisionari wa Kifransisko wakaupanda California katika karne ya 18. Leo umetanda Argentina, Chile, Australia na jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Mwongozo huu nimeujenga juu ya Western Cape, kwa sababu ndiko mzeituni wa biashara ulikostawi kusini mwa bara letu, na kwa sababu makosa yaliyofanyika kwingine yanaeleweka vizuri ukiyalinganisha na huko.

Mtu anayetajwa kila mara katika habari za Western Cape ni Ferdinando Costa, Mwitaliano mwenye vitalu vya miche mjini Paarl. Aliona mizeituni pori ikimea yenyewe kwenye miteremko ya Cape, akabebesha juu yake vikonyo, yaani vitawi vya kuunganishia, vya mizeituni ya Ulaya. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa anakamua mafuta ya kuuza. Ilikuwa hoja nzuri: pori likistawi, ndugu yake wa shambani naye huenda akastawi. Tatizo ni kwamba hoja hiyo haifanyi kazi kila mahali, na hapo ndipo wengi wa kwetu wanapotea.

Hatua ya 1: Pima baridi kabla ya kununua chochote

Mzeituni haupukutishi majani, kwa hiyo mtu hudhani hauna haja na majira ya baridi. Unayo, na ni haja kubwa. Kichipukizi kilichokaa kwenye kwapa la jani kinaweza kuwa tawi au shada la maua, na baridi ndiyo inayoamua. Mti unataka karibu miezi miwili ambayo usiku hushuka hadi kati ya nyuzi 2 na 10 za Selsiasi, na mchana hauzidi 18 hivi. Siku za joto zikijipenyeza katikati hufuta sehemu ya kazi ambayo baridi imeshaifanya. Paarl mwezi wa Julai usiku huwa karibu nyuzi 7 na mchana karibu 18. Mzeituni ukipewa hali hiyo, Oktoba hujaa maua meupe.

Sasa linganisha na Nairobi, ambako Julai usiku huwa nyuzi 11 au 12 na mchana hupita 20. Mti utaota, tena kwa furaha. Utakuwa mrefu na majani yake ya rangi ya fedha yatapendeza getini. Lakini miaka itapita bila maua ya maana, na mwenye shamba atalaumu mbolea, kisha maji, kisha aliyemuuzia miche.

Watu hunijibu kwamba mzeituni pori umejaa Laikipia na Kilimanjaro. Ni kweli. Ni ule mutamaiyo wa Wakikuyu, oloirien wa Wamaasai, ambao vijiti vyake vinavyofuka moshi husafishia vibuyu vya maziwa. Ni ndugu wa damu wa mzeituni wa shambani, jamii nyingine ndogo ya spishi ileile. Lakini huo umezoea ikweta kwa maelfu ya miaka, na tunda lake ni dogo kama punje ya njegere, nyama kiduchu juu ya kokwa. Kuzaa kwake Laikipia si ushahidi kwamba Frantoio, aina ya mzeituni wa shambani ya Toscana, Italia, itachanua Laikipia.

Mbona basi Oman ina zeituni, na Oman ni nchi ya joto? Kwa sababu mashamba yake yako Jabal Akhdar, kwenye uwanda wa mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambako usiku wa Januari hukaribia sifuri. Latitudo ni ya tropiki ila mwinuko umeleta majira ya baridi. Kwa mantiki hiyo, sehemu za Tanzania zinazostahili kujaribiwa ni zile zinazopata jalidi mwezi Juni na Julai, kama Makete na baadhi ya maeneo ya Njombe. Nasema kujaribiwa: miti 12 ya aina tatu, uiangalie misimu mitano. Si hekta. Atakayekuuzia miche 500 kwa ahadi ya mavuno Mwanza au Morogoro, mwombe kwanza akuonyeshe mti wenye matunda katika wilaya yako.

Kazi yenyewe ni rahisi. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, kitundike kivulini mita moja na nusu kutoka ardhini, na uandike kila siku kuanzia mwanzo wa baridi hadi mwisho wake. Chunguza pia upande wa pili: baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri huunguza matawi machanga, na jalidi wakati wa maua huondoka na mavuno ya mwaka mzima. Mabonde ambako hewa baridi hutuama yaepuke. Mteremko ni bora.

Angalia na mvua. Western Cape hunyeshewa wakati wa baridi na kiangazi chake ni kikavu. Chavua ya mzeituni hubebwa na upepo, hivyo mvua kubwa wakati wa maua huisomba, na unyevu wa joto huleta magonjwa ya majani.

Hatua ya 2: Tafuta kinu kabla ya shamba

Zeituni ni kama muwa: ikishatengana na mti, huanza kuharibika. Mafuta ya daraja la juu, yanayoitwa ekstra vajini, hutoka kwenye tunda lililokamuliwa ndani ya saa 24, na ndani ya saa 12 ni bora zaidi. Tunda lililolala kwenye magunia siku tatu hupata joto na kuchacha, na ladha ya uchachu haitoki tena.

Kwa hiyo jiulize: kinu kiko wapi, hutoza kiasi gani kwa kilo, na kitakupokea siku ile unayovuna? Western Cape wakulima wengi wadogo hawana kinu. Hupeleka kwa jirani mwenye nacho, na zamu hupangwa mapema. Mahali ambapo hakuna kinu, hesabu ya shamba lazima ibebe na bei ya kinu. Chukua hekta moja iliyokomaa inayotoa tani 6. Mafuta yakiwa asilimia 15 ya uzito wa tunda, utapata kilo 900, yaani karibu lita 980. Kinu kidogo cha kilo 150 kwa saa kitaziponda tani hizo kwa saa 40. Hekta moja haiwezi kukilipa kinu hicho. Wakulima kumi wenye hekta tatu tatu wanaweza, wakivuna kwa zamu. Ningeanza na kikao cha hao kumi.

Hatua ya 3: Udongo na maji

Chimba shimo la kina cha mita moja, mwaga maji, rudi kesho asubuhi. Kama maji bado yamesimama, mizizi itaoza humo. Tafuta sehemu nyingine, au inua matuta na utoe mifereji. Mzeituni huvumilia mawe, chokaa na udongo maskini. Kinachouua ni maji yaliyotuama.

Kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, kati ya 6 na 8 kinafaa. Sehemu nyingi za Western Cape zina udongo wenye asidi, na chokaa huchanganywa wakati wa kutifua kwa kina kabla ya kupanda, kwa sababu baadaye huwezi kuifikisha chini. Uliza pia ardhi ilikuwa na nini. Palipolimwa nyanya, viazi, bilinganya au pamba kwa miaka mingi huenda pana fangasi wa mnyauko aitwaye Vertisilia, ambaye hukaa udongoni muda mrefu na hana dawa mti ukishaugua.

Kuhusu maji, kuna uzushi kwamba mzeituni hauhitaji umwagiliaji. Kuishi utaishi. Ila kati ya mti unaoishi na mti unaolipa mshahara wa wavunaji pana tofauti kubwa. Pasipo na mvua ya kutosha weka umwagiliaji wa matone. Usiuache mti na kiu wakati wa maua na matunda kushika, wala tunda linapojaa mafuta mwishoni mwa kiangazi. Katikati, kokwa linapokuwa gumu, ambako kwa Western Cape ni karibu Desemba na Januari, unaweza kupunguza maji bila hasara kubwa. Maji yenye chumvi kidogo mzeituni huyavumilia kuliko mchungwa au mparachichi.

Hatua ya 4: Chagua aina kwa hali ya hewa yako

Argentina ilitoa somo la gharama kubwa. Katika miaka ya 1990, unafuu wa kodi uliwavuta wawekezaji kupanda maelfu ya hekta kaskazini magharibi, Catamarca na La Rioja, kwa aina zilizosifiwa Ulaya. Palipokuwa na majira ya baridi yenye joto, Frantoio na Leccino zilichanua kwa shida. Arbequina ilichanua na kuzaa, ila joto kali wakati tunda linajaa lilishusha asidi ya oleiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni, mara nyingine chini ya asilimia 55, kiwango cha chini kilichokuwa kimewekwa kimataifa. Mafuta yalikuwa safi, lakini kwenye karatasi za maabara yalionekana kama yamechakachuliwa. Aina ileile, mti uleule, mafuta mengine.

Western Cape utakuta Frantoio, Leccino na Coratina za Kiitalia, na Mission iliyotoka California, ambayo hufaa kwa mafuta na kwa kula. Kwa zeituni za mezani wanapenda Kalamata na Manzanilla. Coratina hutoa mafuta makali, yenye uchungu na muwasho kooni, na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Leccino ni laini.

Usipande aina moja peke yake. Leccino haijichavushi, na hata zile zinazojichavusha huzaa zaidi zikiwa na jirani. Pendolino hupandwa kwa kazi hiyo. Weka mstari wa mchavushaji baada ya kila mistari michache, upande ambao upepo wa wakati wa maua unatokea. Na usishtuke maua yakidondoka: kati ya maua 100, moja au mawili kuwa tunda ni kawaida.

Hatua ya 5: Nafasi

Mashamba ya kale yana miti 100 kwa hekta, mita 10 kwa 10. Shamba la kisasa la kawaida hupandwa mita 6 kwa 4, miti 416 hivi. Mtindo wa tatu ulianza Hispania katika miaka ya 1990: ua mnene wa mita 4 kwa 1.5, miti 1,666 kwa hekta, unaovunwa na mashine inayopita juu ya mstari. Unafaa aina fupi tu kama Arbequina, Arbosana na Koroneiki, na unadai mtaji, ardhi tambarare na mashine iliyo karibu. Kwa mkulima mwenye hekta tano na watu wa kuvuna, 6 kwa 4 au 6 kwa 5 ndiyo yenye akili.

Hatua ya 6: Miche

Mche wa biashara hutokana na kipandikizi cha tawi kilichooteshwa mizizi kwenye kitalu chenye ukungu wa maji, si kokwa. Mti wa kokwa haufanani na mama yake na huchelewa sana kuzaa. Nunua mche wa mwaka mmoja na nusu hivi, wenye shina moja lililonyooka na mizizi isiyojizungusha kwenye mfuko.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usifiche vipandikizi kwenye sanduku la safari. Tangu 2013, bakteria aitwaye Xylella fastidiosa ameua mamilioni ya mizeituni huko Puglia, kusini mwa Italia, mingine ikiwa na umri wa karne kadhaa. Hashambulii mzeituni pekee. Huishi ndani ya mamia ya mimea mingine, ukiwamo mkahawa. Pata kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Subiri karantini hata ikichosha.

Hatua ya 7: Kupanda na miaka mitatu ya kwanza

Panda jalidi likishakwisha. Western Cape ni Septemba na Oktoba. Weka mche kwenye kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni, shindilia, funga kwenye nguzo, mwagilia siku hiyohiyo. Tandaza matandazo, ila yasiguse shina. Palilia mita moja kuzunguka mche, kwa kuwa nyasi humnyima mche mchanga maji kuliko mdudu yeyote.

Mwaka wa kwanza na wa pili mkasi ubaki mfukoni. Ondoa tu machipukizi ya chini ya sentimita 60 au 80, mengine yaache, majani ndiyo yanayojenga mizizi. Matunda ya kwanza huonekana mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno kamili mwaka wa saba au wa nane. Mweke wazi mkeo, mumeo au mwenye benki kuhusu miaka hiyo. Mwaka 2009 kampuni kubwa ya uwekezaji wa mashamba nchini Australia, iliyokuwa na mizeituni mingi ya wawekezaji, ilifilisika. Miti iliendelea kuishi ikanunuliwa na wengine. Waliochangia fedha ndio walioumia. Panda mboga au kunde katikati ya mistari miaka ya mwanzo, isipokuwa nyanya na jamaa zake.

Hatua ya 8: Kupogoa na kulisha

Tunda hukaa kwenye tawi lililoota mwaka jana. Shika hilo moja na kupogoa kutaeleweka: kila mwaka mti uwe na matawi mapya ya kuzaa mwakani, na jua lifike ndani. Pogoa mwishoni mwa baridi, fungua katikati kama kikombe, mti usipite kimo ambacho wavunaji wako wanafika. Mizeituni ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Pogoa zaidi kabla ya mwaka unaotarajia mzigo mkubwa, na pumziko litapungua.

Mbolea isiongozwe na jirani. Peleka majani maabara katikati ya kiangazi. Naitrojeni ikiwa kati ya asilimia 1.5 na 2, usiongeze kwa pupa. Tunda huondoka na potasiamu nyingi, na upungufu wa boroni huonekana kwa maua yasiyoshika.

Hatua ya 9: Wadudu na magonjwa

Nzi wa zeituni, Bactrocera oleae, hutaga ndani ya tunda, na funza wake huharibu mafuta. Asili yake inahusiana na Afrika, na kwenye mizeituni pori yetu yupo pamoja na maadui zake: nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya funza huyo. Nzi huyu alipogunduliwa California mwaka 1998, watafiti walikuja hadi misitu ya nyanda za juu za Kenya kuchukua nyigu hao, wakawazalisha na kuwaachia kule. Kila nikipita kwenye mutamaiyo uliokatwa kwa ajili ya mkaa nakumbuka hilo.

Tundika mitego ya kunasa nzi kuanzia kokwa linapokuwa gumu, hesabu kila wiki, okota matunda yaliyoanguka, na vuna mapema nzi wakizidi. Kusini mwa Afrika wapo pia wadudu wa lesi wanaofyonza majani kwa chini hadi yawe na madoa ya manjano; kagua majani mwanzoni mwa msimu, mapema. Kwa madoa ya tausi, ugonjwa wa fangasi wa misimu ya mvua, nyunyiza dawa ya shaba baada ya kuvuna na kupogoa.

Hatua ya 10: Kuvuna na kukamua

Western Cape huvuna kuanzia Machi kwa zeituni za mezani za kijani hadi Juni au Julai. Kwa mafuta, vuna wakati matunda mengi yanageuka kutoka kijani kwenda zambarau. Ukisubiri yawe meusi yote utapata mafuta zaidi kwa kilo, lakini laini, yasiyo na harufu na yasiyokaa. Tandaza nyavu chini, tumia vichana vya mkono au vya betri, usipige mti kwa fimbo, kwani fimbo huvunja matawi ya mwakani. Beba kwenye kreti zenye matundu, kamwe si magunia.

Kinuni tunda huoshwa, husagwa pamoja na kokwa, kisha rojo hukorogwa polepole kwa dakika 30 hadi 45 katika joto lisilozidi nyuzi 27. Mashine ya kuzungusha hutenga mafuta na maji. Simama hapo uangalie kipimajoto mwenyewe, kwa kuwa mwenye kinu akiongeza joto hupata lita nyingi na wewe hupoteza daraja. Ekstra vajini haitakiwi kuzidi asilimia 0.8 ya asidi huru, na isiwe na kasoro ya ladha mbele ya waonjaji. Hifadhi kwenye matangi ya chuma cha pua, gizani, nyuzi 15 hadi 18, yakiwa yamejazwa hadi juu au kufunikwa na gesi ya naitrojeni.

Zeituni za mezani hazilikiki zikitoka mtini, zina uchungu wa kuumiza ulimi. Njia ya mkulima mdogo ni maji ya chumvi ya asilimia 8 hadi 10, kwenye pipa la plastiki la chakula, miezi sita hadi mwaka, ukihakikisha tunda limezama daima. Hapa huhitaji kinu, na ndiyo maana kwa wengi wenye miti michache ingefaa kuwa biashara ya kwanza.

Hatua ya 11: Kuuza

Huwezi kushindana na mafuta ya Hispania kwa bei. Shindana kwa upya. Mafuta ya kusini hukamuliwa kuanzia Aprili, wakati yale ya Ulaya kwenye rafu tayari yana miezi sita. Andika mwezi na mwaka wa kuvuna kwenye lebo, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, tumia chupa nyeusi au kopo, na mpe mnunuzi aonje kabla ya kulipa. Mafuta yakimkuna kooni hadi akakohoa, mweleze kwamba huo ndio upya anaoulipia, na kwamba chupa ikishafunguliwa aimalize ndani ya miezi miwili.